Bett na Wakili Wake

Katika mji mdogo wa Sheffield, magharibi mwa jimbo la Massachusetts nchini Marekani, ipo nyumba ya mbao iliyojengwa mwaka 1735. Imesimama hadi leo, na wageni huingia kuitazama. Ghorofani kuna chumba cha kusomea chenye kuta za mbao zilizochongwa kwa ustadi, ambamo mwenye nyumba, Kanali John Ashley, aliwapokea watu wakubwa wa wilaya. Huko juu, mwanzoni mwa mwaka 1773, wanaume 11 waliunda kamati wakaandika tamko: kwamba binadamu kwa asili ni sawa na ni huru, na kwamba kila mmoja anastahili kuishi na kufaidi uhuru wake na mali yake bila kusumbuliwa. Walikuwa wameudhiwa na serikali ya Uingereza iliyowatawala kutoka ng'ambo ya bahari. Huko chini, jikoni, kazi za nyumba hiyohiyo zilifanywa na watumwa. Mmoja wao aliitwa Bett.

Karani wa kamati ile alikuwa wakili kijana wa miaka 26, Theodore Sedgwick. Sikilizeni, wanangu, maana huyu ndiye ninayetaka kuwasimulia. Baadaye alikuja kuwa mbunge, seneta, Spika na jaji. Vitabu vingi vinapomtaja huanza na vyeo hivyo. Mimi naanza na nyumba hii kwa sababu jambo kubwa kuliko yote aliyoyafanya maishani lilitoka jikoni kwake Ashley, na wala si yeye aliyelianzisha.

Sedgwick alizaliwa Mei 1746 katika Connecticut, jirani na Massachusetts. Baba yake alifariki angali mtoto, na kaka yake John akabeba mzigo wa kumsomesha mpaka akafika chuo cha Yale. Huko hakutulia. Alivunja nidhamu ya chuo, akaondoka bila shahada. Akafikiria kusomea uchungaji, akabadili nia, akaenda kujifunza sheria kwa wakili mmoja wa mji wa Great Barrington aitwaye Mark Hopkins. Siku zile Marekani haikuwa na shule za sheria. Kijana alikwenda kwa wakili mzoefu, akanakili hati zake kwa mkono, akasoma vitabu vyake, akafuatana naye mahakamani, mpaka majaji waliporidhika naye. Sedgwick alikubaliwa kuwa wakili mwaka 1766, akiwa bado hajatimiza miaka 20. Basi yule mtoro wa Yale akageuka kuwa kijana mwenye bidii, msema vizuri, mwenye kujiamini kupita kiasi, na mwenye hamu kubwa ya kupanda ngazi. Vita vya kumng'oa Mwingereza vilipoanza, alikwenda na jeshi hadi Kanada mwaka 1776 akiwa katibu wa Jenerali John Thomas, kisha akarudi kwenye kesi zake.

Sasa turudi kwa Bett. Alizaliwa mnamo mwaka 1744 huko Claverack, katika jimbo la New York, kwenye shamba la Mholanzi tajiri aliyeitwa Pieter Hogeboom. Wazazi wake walikuwa watumwa, na sheria ya wakati ule ilisema mtoto wa mtumwa ni mtumwa. Binti wa Hogeboom, Hannah, aliolewa na John Ashley wa Sheffield, na Bett akapelekwa huko. Msidhani Massachusetts ilikuwa nchi ngeni kwa utumwa. Ilikuwa koloni la kwanza la Waingereza katika Amerika Kaskazini kuuhalalisha kwa maandishi, tangu mwaka 1641.

Bett hakufundishwa kusoma wala kuandika. Alipika, alifua, alisokota nyuzi, alihudumia meza. Alipata binti, akamwita Betsy. Bwana wake, Ashley, anasimuliwa kuwa mtu mpole. Nimewahi kusikia watu wakisema kwamba kuwa na bwana mpole ni nafuu. Haikuwa nafuu ya kutosha, kwani upole wa bwana haukumzuia bibi, na Bibi Hannah alikuwa mkali ajabu. Siku moja alimkasirikia msichana mdogo aliyefanya kazi pamoja na Bett, aitwaye Lizzie. Wengine wanasema alikuwa mdogo wake Bett, wengine wanasema ni binti yake. Bibi Hannah alinyakua beleshi la kutolea majivu, likiwa la moto kutoka mekoni, akalinyanyua ampige nalo yule mtoto. Bett akaingia kati. Beleshi likatua mkononi mwake.

Jeraha lile lilichukua muda mrefu kupona, na likaacha kovu baya. Bett hakulificha. Aliuacha mkono wake wazi makusudi, na mgeni akimwuliza kimempata nini, alimwelekeza akamwulize bibi mwenyewe. Fikirini ujasiri wa jibu hilo, kutoka kwa mtu ambaye kisheria hakuwa na hata nguo aliyoivaa.

Mwaka 1780, wakati vita vikiendelea, jimbo la Massachusetts lilipitisha katiba yake. Sehemu kubwa iliandikwa na John Adams, naye pia wakili, ambaye baadaye alikuwa Rais wa pili wa Marekani. Ibara ya kwanza ilisema kwamba watu wote huzaliwa huru na sawa. Katiba ilijadiliwa katika mikutano ya miji, ikasomwa hadharani, ikazungumzwa mezani. Wengine husimulia kwamba Bett aliyasikia maneno hayo kwenye mkutano wa kijiji, wengine kwamba aliyasikia akiwa amesimama nyuma ya viti akiwahudumia wageni wa Ashley. Vyovyote vile, aliyasikia, na akayapima. Wale wanaume waliokuwa wakiyatamka walijua, bila hata kuambizana, kwamba neno "wote" halikuwa na maana ya wote. Yeye alilichukua kama lilivyosemwa.

Akaenda kwa Sedgwick. Aliondoka nyumbani kwa Ashley kwa miguu akatembea maili kadhaa hadi kwa yule wakili, akamwuliza kama sheria isingempa yeye uhuru wake, kwa kuwa naye ni mtu, si mnyama asiyeweza kusema.

Hapo, vijana wangu, Sedgwick alikuwa na kila sababu ya kumfukuza mlangoni. Ashley hakuwa mtu wa mbali kwake. Walikuwa wamekaa pamoja katika kamati ile ya mwaka 1773. Alikuwa mmoja wa matajiri wakubwa wa wilaya ya Berkshire, na kwa miaka 20 alikuwa jaji wa mahakama ya wilaya hiyohiyo. Wakili aliyetaka kupanda angejiepusha na kesi ya namna hiyo kama mtu anavyojiepusha na moto. Sedgwick aliipokea. Pengine alikuwa na hamu ya kuijaribu katiba mpya. Pengine maneno aliyoyaandika kwa mkono wake ghorofani kwa Ashley yalimrudia. Mtu mwenye kujiamini sana anaweza kuwa msumbufu, lakini siku nyingine hujaribu jambo ambalo mwoga asingeligusa, na hili kwangu linamhesabia wema.

Alimtafuta mwenzake wa kumsaidia, Tapping Reeve wa mji wa Litchfield, Connecticut. Huyu miaka michache baadaye alianzisha mojawapo ya shule za kwanza kabisa za sheria Marekani. Na kwenye madai wakamwongeza Brom, mwanamume mtumwa wa Ashley. Watu wengi huamini kwamba mawakili walitaka awepo mwanamume kwa sababu wanawake walikuwa na haki chache sana mbele ya mahakama. Juu ya Brom mwenyewe tumeachiwa karibu jina tu.

Njia waliyoitumia ilikuwa ya werevu, na inafaa muielewe. Katika sheria ya Kiingereza iliyofuatwa huko, palikuwa na amri ya kurejesha mali inayoshikiliwa isivyo halali. Tuseme jirani amewafungia ng'ombe wako zizini kwake na hataki kuwatoa. Unakwenda mahakamani, unapewa amri, na sherifu, yaani ofisa wa wilaya anayetekeleza amri za mahakama, anakwenda kuwafungulia. Mei 1781 amri kama hiyo ilipelekwa kwa Ashley, ikimtaka awaachilie Brom na Bett kwa sababu hawakuwa mali yake halali. Ashley akakataa. Akasema ni watumishi wake wa maisha. Sawa, basi: kwa kukataa huko, akalazimika kuja mbele ya mahakama kuonyesha kwamba mtu anaweza kuwa mali ya mtu mwingine chini ya katiba ambayo watu wa jimbo lake walikuwa wamekwisha kuipitisha.

Kesi ilisikilizwa Great Barrington, Agosti 1781. Mahakama ilikuwa ileile aliyoihudumia Ashley kama jaji. Uamuzi ulikuwa mikononi mwa jopo la wananchi, wakulima na watu wa kawaida wa wilaya. Hotuba za mawakili hazikuandikwa, ila inasimuliwa kwamba Sedgwick aliegemea ibara ile ya kwanza: kama watu wote huzaliwa huru na sawa, basi utumwa hauna mahali pa kusimama Massachusetts. Jopo likatoka na uamuzi kwamba Brom na Bett hawakuwa watumwa wa Ashley kisheria. Ashley akaamriwa kuwalipa shilingi 30 za fedha kama fidia, pamoja na gharama za kesi. Naam, shilingi, jina hilohilo la fedha zetu, kwa kuwa zote zilitoka kwa Mwingereza. Kwa hesabu zao zilikuwa pauni moja na nusu.

Ashley alikata rufaa, kisha akaiacha. Alimwomba Bett arudi afanye kazi kwake kwa mshahara. Bett alikataa. Alijichagulia jina jipya, Elizabeth Freeman, jina lenye kutangaza kwamba mwenyewe ni mtu huru, akaenda kufanya kazi ya kulipwa nyumbani kwa wakili wake.

Mwaka uleule, katika sehemu nyingine ya jimbo, mtumwa mwingine aitwaye Quock Walker alianza kudai uhuru wake katika mlolongo wa kesi zilizokwisha mwaka 1783, pale Jaji Mkuu William Cushing alipolieleza jopo kwamba utumwa hauwezi kukaa pamoja na katiba. Hakuna siku ambayo bunge la Massachusetts lilipiga kura kuufuta. Ulikatwa mizizi mahakamani, kesi baada ya kesi, na sensa ya kwanza ya Marekani ilipofanyika mwaka 1790, jimbo hilo liliandikwa halina mtumwa hata mmoja.

Great Barrington ndiko alikozaliwa, mwaka 1868, msomi mweusi W.E.B. Du Bois, ambaye alimalizia maisha yake Accra, Ghana, mwaka 1963. Katika ukoo wake ilisimuliwa kwamba Bett aliolewa na mmoja wa mababu zake. Nawatajia ili mkikutana na jina hilo mjue mji wenyewe.

Sasa safari ya Sedgwick ikaanza kupanda kwa kasi. Mwaka 1785 alihamia mji wa Stockbridge, akajenga nyumba kubwa, na mwaka huohuo akachaguliwa kwenda kwenye Baraza la Majimbo, lililokuwa likiiongoza Marekani kabla ya katiba ya taifa. Alikuwa mtu wa utaratibu. Aliamini nchi inahitaji serikali yenye nguvu, madeni yalipwe, mahakama ziheshimiwe, na uongozi uwe mikononi mwa wenye elimu na mali. Watu wa kawaida aliwatazama kwa wasiwasi, na wao walijua.

Wasiwasi huo ulipata sababu. Baada ya vita wakulima wa Massachusetts walizama katika madeni na kodi. Mahakama ziliwanyang'anya mifugo na mashamba, wengine wakatupwa gerezani. Mwaka 1786 wakaanza kuzifunga mahakama kwa nguvu, wakiwa na bunduki. Uasi huo unaitwa kwa jina la Daniel Shays, mkulima aliyekuwa kapteni katika vita vya uhuru. Februari 1787 kundi moja liliingia Stockbridge. Sedgwick, adui yao mkubwa katika wilaya ile, hakuwepo. Aliyewapokea mlangoni ni Bett.

Familia iliisimulia habari hii kwa vizazi. Bett alikuwa amekusanya vyombo vya fedha vya nyumba akavificha ndani ya sanduku lake mwenyewe, chini ya nguo zake. Waasi walipozunguka nyumba wakipekua, yeye alifuatana nao huku ameshika beleshi kubwa la jikoni, akiwaonya kwamba atakayemgusa yeye au mtu wa nyumba ile atalipata. Walipofika kwenye sanduku lake, aliwatahayarisha: mnanidharau mimi kuwa mtu mweusi, na bado mnataka kupekua vitu vyangu? Hiyo ndiyo maana ya maneno yake jinsi nilivyoielewa. Wakaona haya, wakaliacha. Katika hadithi moja yanaingia mabeleshi mawili, na msije mkadhani nimetunga. Ndivyo ilivyosimuliwa.

Mimi huwafikiria wale wakulima pia. Nao walikuwa na haki katika kilio chao, na mtu anaweza kumshangilia Bett mlangoni bila kuwatukana wao.

Katiba ya taifa ilipoanza kufanya kazi mwaka 1789, Sedgwick alikuwa miongoni mwa wabunge wa kwanza kabisa. Mwaka 1796 akaingia Seneti. Desemba 1799 akawa Spika wa Baraza la Wawakilishi, cheo ambacho kwa heshima ni cha juu sana katika nchi ile. Alikuwa wa chama cha Federalist, chama cha Alexander Hamilton na John Adams.

Lakini kuna upande mwingine, na nisipowaambia nitakuwa nimewadanganya. Wakati baba akiwa New York na Philadelphia miezi na miezi akijenga jina, mkewe Pamela alibaki Stockbridge na watoto. Alizaa 10, wakakua 7. Pamela aliugua ugonjwa wa huzuni, ule unaomkaba mtu akashindwa hata kuamka, na ulikuwa ukimrudia mara kwa mara. Aliyeshika nyumba, aliyewalea watoto, aliyejua namna ya kumtuliza Pamela akizidiwa, alikuwa Bett. Watoto walimwita Mumbet. Mmoja wao, Catharine, aliyezaliwa mwaka 1789, alikuja kuwa mmoja wa waandishi wa riwaya mashuhuri wa Marekani, na karibu yote tunayoyajua juu ya tabia ya Bett ametuachia yeye. Aliandika juu ya mwanamke huyu kwa mapenzi ambayo mtu humpa mama.

Na kuna jambo zito zaidi. Katiba ya Marekani ilikuwa na kifungu kinachosema mtumwa akitoroka kutoka jimbo moja kwenda jingine, lazima arudishwe kwa mwenyewe. Kifungu hakikueleza arudishwe vipi. Mwaka 1791 Baraza la Wawakilishi liliunda kamati ya watu watatu kuandaa muswada wa jambo hilo. Mmoja wao alitoka Virginia, jimbo la watumwa. Wawili walitoka Massachusetts, na mmoja wa hao wawili alikuwa Theodore Sedgwick. Novemba mwaka huo ni yeye aliyeuwasilisha muswada bungeni. Haukupita. Mwaka 1793 muswada mwingine, uliotoka Seneti, ndio uliokuwa sheria. Ulimruhusu mwenye mtumwa kumkamata mtoro katika jimbo lolote, kumfikisha kwa jaji au hakimu, na kuondoka naye akishatoa ushahidi wake. Mtoro hakuhakikishiwa jopo la wananchi la kumsikiliza, kama lile lililomsikiliza Bett.

Nimejaribu sana kumwelewa Sedgwick hapa. Aliiona Marekani kama nchi changa inayoweza kuvunjika, na aliamini kwamba bila kuyatimizia majimbo ya kusini ahadi iliyo ndani ya katiba, muungano utakufa. Alikuwa wakili: kilichoandikwa ni lazima kifuatwe. Ndiyo, lakini kila jioni alipokuwa likizo, aliyemwekea chakula mezani alikuwa mwanamke mwenye kovu mkononi. Alimjua mtumwa mmoja kama mtu kamili, akampigania, akampenda kama mmoja wa nyumba yake. Wengine, asiowajua kwa sura, aliwahesabu kama sehemu ya makubaliano baina ya majimbo. Mimi simsamehei kwa hilo, ingawa siwezi kuufuta ule ushindi wa Agosti 1781.

Uspika wake haukudumu. Mwezi Novemba 1800 bunge lilihamia mji mkuu mpya, Washington, uliokuwa bado wa matope na majengo yasiyokwisha. Sedgwick aligombana na magazeti. Alimzuia Samuel Harrison Smith, mwenye gazeti lililoripoti habari za bunge, asikae kuandika yaliyosemwa. Kisha ukaja uchaguzi wa Rais. Thomas Jefferson na Aaron Burr walifungana kura, na sheria ikalitaka Baraza la Wawakilishi, chini ya Spika Sedgwick, liamue. Sedgwick alimchukia Jefferson. Yeye na wenzake wengi wa Federalist walimpigia Burr, wakakaza, siku baada ya siku, kura ya kwanza, ya pili, ya kumi, ya thelathini. Mnamo Februari 17, 1801, kwenye kura ya 36, baadhi ya Federalist waliacha kumpinga, na Jefferson akawa Rais. Chama cha Sedgwick hakikupata tena urais. Mwezi Machi naye akaondoka bungeni moja kwa moja.

Mwaka uliofuata aliteuliwa jaji wa Mahakama Kuu ya Massachusetts, na kazi hiyo aliifanya mpaka alipofariki Boston, Januari 24, 1813. Pamela alikuwa ametangulia mwaka 1807.

Bett aliishi miaka 16 zaidi yake. Alikuwa amekwisha kuwa mkunga na muuguzi aliyetafutwa na watu wengi wa Stockbridge. Kwa fedha zake alinunua ardhi na kuwa na nyumba yake, akaishi na binti yake na wajukuu. Mwaka 1811 Susan Sedgwick, mke wa mtoto wa wakili, alimchora kwa rangi kwenye kipande cha pembe ya ndovu: kofia nyeupe, gauni la buluu, mkufu wa shanga za dhahabu shingoni, macho yanayomtazama mtazamaji bila kuyumba. Picha hiyo ipo hadi leo katika jumba la kumbukumbu la historia huko Boston, pamoja na shanga zile, ambazo Catharine alizigeuza kuwa bangili. Mwaka 1829 Bett aliandikisha wosia akagawa vitu vyake, akatia alama badala ya sahihi. Alifariki Desemba 28 mwaka huo, akikisiwa kuwa na miaka 85.

Makaburi ya ukoo wa Sedgwick huko Stockbridge yamepangwa kwa duara, Theodore na Pamela katikati, na watoto, wajukuu na vitukuu wakiwazunguka. Elizabeth Freeman amelazwa humo, karibu na kitovu, na maandishi ya kaburi lake yanasema wazi kwamba alizaliwa mtumwa na kwamba hakujua kusoma wala kuandika, kisha yanamsifu kwa uaminifu wake. Agosti 2022 watu wa Sheffield walimsimamishia sanamu ya shaba, si mbali na barabara kuu ya mji wao.

Mtoto wa wakili, aliyeitwa pia Theodore, alipanda jukwaani Stockbridge mwaka 1831 akatoa hotuba ya kutaka utumwa ukomeshwe, na ndani yake akasimulia habari za Bett kama ushahidi kwamba waliosema weusi ni duni walisema uongo. Lakini sheria ya kuwarudisha watoro haikuondoka. Mwaka 1850 bunge liliitungia nyongeza kali kuliko ile ya 1793, na mwaka 1851 kijana aitwaye Thomas Sims alikamatwa mjini Boston, katika jimbo lililokuwa na ibara ileile ya kwanza, akarudishwa utumwani Georgia chini ya ulinzi wa watu wenye silaha. Miaka miwili baadaye, 1853, Catharine Sedgwick, sasa mwanamke wa zaidi ya miaka 60, alichapisha katika jarida moja la London habari za utumwa wa Massachusetts. Humo aliweka beleshi la moto, kovu, safari ya miguu, swali aliloulizwa baba yake, na jibu la jopo.